Pindo la Pizza ya Lali

Sifa huingia mlangoni, ukweli hurudi na sahani.

Ndilo neno alilowaachia Bi Mwanate jana pale harusini, mlipokuwa mkibishana juu ya ule mkahawa mpya wenye nyota nyingi kwenye simu zenu. Huyu anasema twendeni, yule anasema ni jina tu. Bi Mwanate akapita na sinia lake, akalitupa neno hilo katikati yenu, akaenda zake jikoni. Ndiyo kawaida yake, husema akaondoka, anayetaka maelezo akayatafute. Nanyi mkayatafuta kwangu. Mmefanya vizuri, maana wako watu hapa Malindi wanaolisema neno hilo kila siku na hawajui kwamba lilizaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapa, nyuma ya tanuri la pizza. Ndiyo, pizza. Au mlidhani methali zote zilizaliwa shambani zikiwa na jembe mkononi?

Wekeni simu chini basi. Asili yake ni hii.

Mzee Lali Famau, katika ujana wake, alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja aliyekuwa na nyumba kule ufukoni. Mtaliano yule alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa kula, na alimfundisha Lali kupika pizza kama alivyopikiwa na mama yake kwao. Alipofunga virago akarudi kwao, Lali alijenga tanuri lake mwenyewe kwa udongo na matofali katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akapanga meza chache, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: Pizza ya Lali. Watu walicheka. Mswahili akiuza pizza, walisema, Mtaliano naye auze mahamri. Haikuchukua muda mrefu, Wataliano wenyewe wakawa wanapiga foleni pale, na waliocheka wakawa nyuma yao kwenye foleni hiyo hiyo.

Pizza yake haikuwa na mapambo. Nyanya, jibini, na majani ya rehani yaliyochumwa uani. Kilichokuwa na jina ni ule ukingo wake wa pembeni, ambao hapa mtaani tuliuita pindo, kama pindo la kanga. Pindo la Lali lilikuwa na ngozi kavu yenye madoadoa ya moto, na ndani laini, lenye uchachu kidogo unaokufanya utafune taratibu. Kuna waliokula pindo kwanza. Kuna waliogombana na wake zao kwa ajili ya pindo. Asubuhi lililobaki lilichovywa kwenye chai, na aliyechelewa kuamka alikuta makombo.

Siri haikuwa siri. Unga ulikandwa pamoja na donge la unga wa jana, ndiyo chachu yake, kisha ukalazwa mpaka kesho yake alasiri. Ukipikwa kabla ya hapo, ni mkate tu. Kwa hiyo Mzee Lali alipika unga aliokuwa nao, na ulipokwisha alisimama mlangoni akasema, "Unga umekwisha, njooni kesho." Hakuomba radhi wala hakubembeleza mtu. Watu walirudi kwao wakinung'unika, na kesho yake walikuja mapema zaidi.

Magoti yalipomshinda, alihamia ghorofani kwa kupumzika, na tanuri akalishika binti yake, Zuwena.

Zuwena hakuwa mtu wa kusitasita. Alikulia mbele ya tanuri lile, akajua kuutambua moto kwa kuusikiliza, na alipoisukuma pizza ndani kwa lile koleo refu la mbao hakuangalia mara mbili. Mdomo alikuwa nao. Mteja aliyelalamika kungoja aliambiwa kwamba mwenye haraka hutafuna unga mbichi. Watu walimpenda hivyo hivyo. Katika mikono yake jina la Pizza ya Lali lilifika Mombasa, likafika Nairobi, na siku za Ijumaa na Jumamosi foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona ya msikiti. Vijana walikuja kupiga picha ukutani kabla hata hawajala. Zuwena aliliona tanuri lile kuwa ndilo yeye. Hakuolewa mbali kwa sababu yake, na aliwahi kumwambia shoga yake kwamba siku atakayolikosa hatajua asubuhi aamkie nini.

Lakini jambo moja lilimshinda. Hakuweza kusimama mlangoni na kumrudisha mtu. Mtu ametoka Mombasa na wanawe, wana njaa, unamwambiaje unga umekwisha? Kwetu mgeni harudishwi mlangoni, na Zuwena alilelewa na mama aliyekuwa akigawa hata chakula chake mwenyewe. Basi akaanza kutia hamira ya kopo ili unga uumuke upesi. Unga uliokandwa asubuhi ukawa unaingia motoni jioni ile ile, na wote waliofika wakala. Donge la chachu likasahauliwa kwenye bakuli lake mpaka likafa. Na kwa kuwa moyo wake ulimwambia kuna kitu kimepungua, ingawa hakukubali kukitaja, aliongeza vitu juu. Kamba, pweza, jibini tabaka mbili. Pizza ikawa inapendeza machoni kama sinia la biharusi, na watu wakazidi kupiga picha.

Sasa, Zuwena alikuwa na kaka yake, Shee. Shee aliuza vipuri vya pikipiki katika kibanda cha kupanga kule sokoni, mahali ambapo mvua ikinyesha anauza huku amekunja suruali. Miaka mingi alikitamani kile chumba cha mbele. Si mtu mbaya, msimfanye shetani. Alikuwa na watoto wanaosoma, na kila akipita akaona chumba bora kuliko vyote katika nyumba ya baba yao kimejaa moshi na unga, roho ilimuuma. Siku moja akapanda ghorofani akayasema.

"Baba, ile si pizza yako tena," alisema. "Ni jina lako tu linalouzwa. Nipe chumba niweke duka. Zuwena anaweza kupika popote."

Mzee Lali akamwita Zuwena, akamwambia mbele ya Shee yale aliyoyasema huyo kaka yake. Zuwena alicheka.

"Popote wapi, kaka? Tanuri nitalibeba kichwani?" Akamgeukia baba yake. "Baba, njoo chini Ijumaa usikie watu wanasema nini. Usinisikilize mimi wala Shee. Wasikilize watu."

Mzee akafikiri. Kisha akasema kwamba atashuka Ijumaa. Akikuta pizza ingali pizza ya Lali, tanuri na chumba vitakuwa vya Zuwena na hataki kusikia neno tena. Akikuta siyo, chumba ni cha Shee, na tanuri livunjwe.

Neno lile la kuvunjwa lilimchoma Zuwena kifuani, lakini hakuogopa. Kwa nini aogope? Kila usiku alipita mezani akiuliza, na kila usiku alijibiwa vile vile: tamu, mashallah.

Hapa nisimame kidogo niwaambie jambo mnalolijua bila kulijua. Sisi watu wa hapa hatutii chakula kasoro. Chakula ni neema, na mtoto akisema mchuzi hauna chumvi mama yake humkata jicho moja tu, naye akanyamaza mpaka ukubwani. Ukitaka kujua kama chakula chako kibaya, usituulize. Tutasema tamu, na tutakuombea heri. Jambo la pili, mtu mwenye adabu hamalizi sahani mpaka ikang'aa, asije akaonekana mlafi. Hubakisha kidogo. Ni tabia nzuri zote mbili, na mimi mwenyewe nimewafundisha. Lakini mpishi akizikuta zote mbili mezani kwake, anaweza kuharibikiwa miaka na miaka asijue.

Ijumaa ikafika. Zuwena alivaa leso mpya, akawaka mbele ya tanuri tangu alasiri. Baada ya Magharibi nyumba ikajaa pomoni, na meza ya katikati iliachwa wazi kwa ajili ya Mzee. Akashuka ngazi taratibu na mkongojo wake. Watu wakainuka kumpa mkono.

"Mzee Lali, umeacha mrithi."

"Mzee, binti amekupita, usikasirike."

"Mashallah, mashallah."

Zuwena aliyasikia yote kutoka mbele ya tanuri na alishindwa kuzuia tabasamu. Alimtazama Shee, aliyesimama karibu na mlango na mikono nyuma, akaona uso wake umefifia. Alijua ameshinda kabla baba hajakaa.

Mzee Lali akawashukuru wote mmoja mmoja. Kisha akaipita meza ya katikati, akazipita na nyingine, akaingia jikoni mpaka kule nyuma kwenye karo la kuoshea vyombo. Akavuta kigoda akaketi.

"Baba, hapo ni pa vyombo vichafu," Zuwena alimwambia. "Meza yako iko kule."

"Nimeiona. Nataka hapa."

"Huku hutasikia mtu anasema nini."

"Nimekwisha kusikia wanayosema," alijibu Mzee. "Endelea na kazi yako, mwanangu, moto usikupotee."

Mhudumu wa zamu alikuwa Kadzo, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Ganda, mwenye miguu mepesi na maneno machache. Kila alipoleta sahani kutoka mezani, Mzee aliipokea mkononi mwake, akaiangalia, akakimimina kilichobaki kwenye sinia kubwa miguuni pake, ndipo akampa aoshe.  Sahani moja baada ya nyingine. Zuwena alikuwa akimwona kwa pembe ya jicho kila alipogeuka kuchukua unga, na mwanzoni aliona ni utani wa mzee. Baadaye akaanza kujiuliza anatafuta nini mle.

Wageni walipopungua, Mzee akamwita. Shee naye akaja akasimama nyuma ya dada yake.

Sinia lilikuwa limejaa mapindo. Vipande virefu, vipande vifupi, vingine vimeng'atwa mara moja vikaachwa. Kati yake hakukuwa na kamba hata mmoja, wala jibini.

"Hivi ni nini?" aliuliza Mzee.

"Ni adabu, baba," alisema Zuwena. Hakubabaika, maana aliamini alichokuwa akisema. "Watu hubakisha. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kubakisha."

"Niliwafundisha kubakisha. Sikuwafundisha cha kubakisha. Mwenye adabu huacha kilicho karibu na mkono, huyu huacha nyanya, yule huacha kipande cha katikati, mwingine tonge la mwisho. Hawa wote, nyumba nzima, wameacha kitu kimoja. Adabu haichagui hivyo, mwanangu. Ulimi ndio unaochagua."

Zuwena akatazama sinia.  Akainama, akaokota pindo moja ambalo halikuguswa, akalitia mdomoni.

Alitafuna. Lilikuwa zito na kavu, halina ladha yoyote isipokuwa hamira, na kadiri alivyotafuna ndivyo lilivyoongezeka mdomoni. Alikumbuka kwamba kwa muda mrefu hajala pizza yake mwenyewe. Alikuwa akionja mchuzi wa nyanya, akionja kamba, akionja kila kitu kinachokaa juu. Pindo alilidhania tu kwamba lipo. Aibu ikampanda shingoni mpaka masikioni, na mbaya zaidi, alifikiria wale wote waliomwambia mashallah usiku ule, wakitafuna jambo hili na kumwombea heri.

"Liko vipi?" aliuliza baba yake.

"Baya," alisema Zuwena.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa akingoja uongo, na asingeweza kuuvumilia. "Basi neno langu nililisema kule ghorofani," alisema. "Shee, Jumatatu unaweza kumleta fundi."

Shee alikohoa, akatazama sakafu. Hata yeye hakufurahi kama alivyotarajia.

"Baba," Zuwena alisema, "nimekosa mimi, tanuri halijakosa. Nipe Ijumaa moja. Nikishindwa, Shee asilete fundi. Nitashika nyundo mwenyewe."

 Mzee alimwangalia Shee, maana neno lilikuwa limekwisha kutoka na chumba kilikuwa cha Shee. Shee akapima. Alikuwa na hakika na jambo lake, na mtu mwenye hakika huwa mkarimu.

"Wiki moja hainiui," alisema. "Lakini Ijumaa hiyo mimi nitakaa mezani nile kama mteja. Na sitasema mashallah ya bure. Nitasema nilichokiona."

"Sema," alisema Zuwena. "Ndicho ninachokitaka."

Kesho yake mlango ulifungwa. Mji ukanong'ona kama kawaida ya mji. Wengine walisema Zuwena ni mgonjwa, wengine wakasema anaolewa, na mmoja akaapa kwamba tanuri limepasuka mbele ya macho yake. Zuwena aliyasikia yote kupitia dirishani na hakuyajibu. Alikoroga unga na maji kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa, akalilisha unga kila siku mpaka chachu ikaamka, na kwa joto letu haikukawia kuamka. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuwa amesahau, alikuwa ameacha tu. Alhamisi alikanda unga, akaulaza, akazima taa. Alisimama pale gizani kitambo akiusikiliza, kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyelala. Kisha akajicheka, akaenda kulala na yeye.

Ijumaa mlango ukafunguliwa na foleni ikajipanga mpaka kona ya msikiti. Mzee Lali alishuka, akasalimiana na watu, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda chake. Shee akachagua meza ya pembeni. Akaketishwa pamoja na Bwana Athumani Bajaber, muuza halua, mtu mpole ambaye hajawahi kumsema mtu vibaya tangu azaliwe.

Pizza zikaanza kutoka. Nyanya, jibini, rehani.

"Dada Zuwena, kamba wako wapi leo?" mtu mmoja aliuliza.

"Baharini," alijibu Zuwena, na hakuna aliyeuliza tena.

Alipita mezani akawauliza watu kama kawaida yake, nao wakamjibu kama kawaida yao. Tamu, mashallah. Neno lile lile, kwa sauti ile ile, hata nyuso zile zile. Alisikiliza kama kuna tofauti yoyote na Ijumaa iliyopita, akaona hamna. Ndipo alipoelewa jinsi alivyokuwa kipofu. Alirudi mbele ya tanuri bila kujua kama ameshinda au ameshindwa, na hakuthubutu kugeuka kule kwenye karo.

Kisha unga ukakwisha. Ulikwisha foleni ingali ndefu. Mbele kabisa alikuwa amesimama mwanamume aliyetoka Mombasa na mkewe na watoto, mmoja amelala begani. Kopo la hamira lilikuwa pale pale rafuni na unga mkavu ulikuwapo. Angeweza kukanda upesi upesi, na mtu yule angekula, akasema tamu, akaondoka akimshukuru. Zuwena aliliangalia kopo lile. Akajifuta mikono, akatoka mpaka mlangoni.

"Unga umekwisha," alisema. "Njooni kesho."

Hakuomba radhi. Mwanamume yule alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi, akageuka akaondoka na familia yake bila kuaga. Wengine wakafuata, wakisema maneno ambayo siwezi kuwatamkia nyinyi. Zuwena alisimama pale mpaka wa mwisho amekata kona, ndipo akarudi ndani.

Jikoni alimkuta Shee. Kwetu mtu wa nyumbani hangoji kutolewa sahani, na Shee alikuwa amebeba ya kwake mwenyewe mpaka kule nyuma kwa baba yake. Alisimama amejiweka sawa kama anayekwenda kutoa ushahidi.

"Nimekula, baba," alisema. "Nasema kama nilivyoahidi. Ni pizza ya kawaida. Si mbaya, lakini sikuona la ajabu. Sifa zimezidi."

Zuwena alisikia kila neno. Ulikuwa ukweli wa kwanza aliowahi kuambiwa na mtu kuhusu chakula chake, au ndivyo alivyodhani. Aliegemea ukuta. 

Mzee Lali akanyoosha mkono. "Lete sahani."

Shee akampa. Mzee akaisogeza kwenye taa, akaigeuza huku, akaigeuza huku. Hakukuwa na kitu. Pindo halikuwapo, wala chembe, wala tone la mafuta. Sahani ilikuwa imepanguswa kwa kitu mpaka ikarudi nyeupe.

"Mwanangu," alisema Mzee, "pindo liko wapi?"

Shee aliitazama sahani kama ambaye hakuwahi kuiona.

"Nimelila," alisema.

"Lote?"

"Lote, baba."

"Na mafuta ya sahani uliyapangusia nini?"

Kadzo alikuwa amesimama na sahani nyingine mkononi, ya Bwana Athumani muuza halua. Juu yake palikuwa na kipande cha katikati, kimeachwa kwa adabu kama kawaida ya mzee yule. Pindo lake halikuonekana.  Kadzo aliiweka tu sahani ile juu ya mapaja ya Mzee na kumtazama Shee.

 Kisha Shee akashika kiuno, akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na hana pa kukimbilia.

"Bwana Athumani alikuwa akizungumza na jirani," alisema. "Nikadhani halitaki."

Mzee Lali naye akacheka mpaka mkongojo ukamwanguka. Alipotulia akafuta macho, akaionyesha ile sahani nyeupe, na ndipo alipotamka lile neno. "Wiki iliyopita vinywa vilisifu na sahani zikakataa. Leo kinywa kimekataa na sahani imesifu. Sifa huingia mlangoni, ukweli hurudi na sahani."

Akamgeukia mwanawe. "Shee, chumba kilikuwa chako tangu Ijumaa ile. Nani ana haki nacho?"

Shee aliangalia chumba kile alichokitamani miaka yote ile. Aliangalia tanuri, moto umepungua na ungali mwekundu ndani. Ilimgharimu, msidhani haikumgharimu. Akamtazama dada yake pale ukutani.

"Ni chake," alisema. "Mimi nilisema si pizza ya baba tena. Nimeila." Akaelekea mlangoni, akageuka. "Zuwena, kesho nitamtuma mwanangu mapema. Msije mkaniambia unga umekwisha."

"Ukikwisha nitakwambia umekwisha, kaka," alisema Zuwena, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Neno la Mzee lilitoka nje na Kadzo usiku ule ule, na asubuhi lilikuwa sokoni. Tanuri lile lingali linawaka mpaka leo, na Zuwena, ambaye sasa ni bibi kama mimi, haulizi tena mezani. Yule mtu wa Mombasa? Alirudi, tena mapema, na akala akimnunia mpaka mwisho.

Basi nendeni kwenye huo mkahawa wenu wa nyota. Sisemi mbaya, sisemi mzuri, sijala humo. Mkifika, waliomo ndani watawaambia tamu, na ukutani patakuwa na picha za watu wanaocheka. Nyinyi kaeni karibu na mlango wa jikoni, mtazame kinachopita. Mtakayoyaona hapo ndiyo mtakayokuja kunisimulia, maana sifa huingia mlangoni, ukweli hurudi na sahani.